Mama anatoka usiku kwenda stesheni: je, tumpeleke nyumba ya wazee?

SWALI: Musawo (daktari), salamu. Mama yetu ana miaka 81, anaishi Tororo, mashariki mwa Uganda, na mjukuu wa miaka 17 ambaye bado anasoma. Ana kisukari na anachomwa insulini. Mwaka jana alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini tangu hapo anaogopa kutembea peke yake. Siku hizi anasahau sufuria jikoni, na usiku anaamka, anajifunga leso, anasema anampelekea mzee chakula stesheni. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na alishafariki zamani. Mimi nauza nguo Kampala, kaka yuko Juba, dada yuko Uingereza. Wao wanataka tumweke kwenye nyumba ya wazee huku Kampala na wako tayari tuchange shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Shangazi amesema tukithubutu hatakanyaga tena kwetu. Nyumba nzuri inajulikanaje?

JIBU: Dada yangu, hiyo habari ya stesheni ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Mama anayefunga leso usiku kumpelekea mumewe chakula si mkaidi, wala hajarogwa. Mambo ya jana yamemtoka, ya miaka ya kota za reli yapo palepale, na giza likiingia anahamia huko. Mchana anaogopa kutembea kwa sababu anakumbuka kwamba alianguka. Usiku anasahau kwamba anaogopa, basi anatoka. Hatari yake iko hapo, na popote mtakapomweka, swali la kwanza ni hili: usiku yuko na nani?

Lakini kabla hujaenda kutazama nyumba yoyote, mpeleke akapimwe. Mzee akipata maambukizi ya njia ya mkojo anaweza asipate homa wala asilalamike maumivu, anachanganyikiwa tu. Sukari ikishuka usiku anaweza kuamka ametota jasho, anaongea mambo yasiyoeleweka, na asubuhi mkasema mama amesahau tena. Mtu anayechomwa insulini huku hakumbuki kama amekula ni wa kuangaliwa kwa karibu sana. Pengine daktari atapunguza dozi, maana kwa umri wake sukari iliyo juu kidogo haitishi kama sukari inayoanguka saa nane za usiku watu wote wamelala. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile alizopewa na jirani na zile za duka la dawa, hasa vidonge vya mafua na vya usingizi, kwa sababu baadhi yake huvuruga akili ya mzee. Masikio yatazamwe kama yameziba nta, macho kama yana mtoto wa jicho. Asiyesikia wala kuona vizuri huonekana amepotewa na akili kuliko alivyo. Kama baada ya kutibiwa yote hayo bado anakwenda stesheni, hapo mtakuwa mnajua mnatafuta nyumba ya kumsaidia nini.

Shangazi yako simlaumu. Sisi Uganda nyumba ya wazee tumeizoea kama mahali pa asiye na mtu. Ile inayojulikana zaidi, Bakateyamba ya Nalukolongo hapa Kampala, ilianzishwa mwaka 1978 na Kadinali Emmanuel Nsubuga kwa ajili ya watu wasiokuwa na pa kwenda, na jina lake linasema hivyo: bakateyamba kwa Kiganda ni wasiojiweza. Masista ndio wanaoihudumia mpaka leo, na Papa Fransisko alipokuja Novemba 2015 alifika pale kuwaona. Ni mahali pa heshima kubwa. Ila haikujengwa kwa ajili ya mama mwenye watoto watatu wenye kipato, na mkibisha hodi kwenye nyumba za hisani za namna hiyo msishangae kuulizwa ninyi wenyewe mko wapi. Mnachotafuta ninyi ni nyumba ya kulipia, na hizo nchini bado ni chache, nyingi ziko Kampala na kandokando yake. Mweleze shangazi kwamba hamumtupi mama, mnatafuta watu wa kupokezana zamu, kwa sababu ugonjwa huu wa kusahau haulali. Mwombe aje akae naye wiki moja, kulala kukiwemo. Usifanye hivyo kwa kumkomoa. Akishaamshwa mara tatu usiku mmoja, mtazungumza kama watu wanaobeba mzigo mmoja.

Halafu fanyeni hesabu ya pili ambayo wengi hawaifanyi. Kwa hizo 1,500,000, ulizeni huko Tororo wahudumu wawili waliofundishwa watalipwa kiasi gani, mmoja wa mchana na mmoja wa kukesha. Vyuma vya kushikia bafuni, choo cha kukalia, taa isiyozimwa kwenye njia ya kwenda chooni na kengele ndogo juu ya mlango ni gharama ya mara moja. Mimi, kama mama hana kidonda wala haanguki kila mara, ningejaribu hilo kwanza, kwa sababu mtu aliyepoteza kumbukumbu bado anaijua nyumba yake kwa miguu na kwa mikono hata kama hawezi kuieleza. Linalonisumbua kwenu ni mjukuu. Mtoto wa miaka 17 anayesoma hawezi kuwa zamu ya usiku ya mgonjwa wa insulini. Mtakaloamua lolote, huyo apumzishwe mwezi huu huu.

Sasa tuseme mmejaribu mkashindwa, au hamkupata watu wa kuaminika, na nyumba ya wazee ndiyo njia iliyobaki. Uliniuliza nzuri inajulikanaje. Haijulikani kwa geti, wala kwa bustani, wala kwa video aliyotumiwa dada yako Uingereza.

Miaka iliyopita familia moja iliniita kumtazama baba yao katika nyumba ambayo sitaitaja. Chumba kilikuwa kimepigwa deki kinang'aa, shuka jeupe, na dirishani palikuwa na jagi la maji limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni. Watoto walikisifu sana kile kitambaa. Nilimwomba mzee anionyeshe ulimi. Ulikuwa mkavu, umepasuka katikati. Kutoka kitandani mpaka kwenye lile jagi ni hatua nne, na mzee alikuwa hawezi kusimama. Lilijazwa kila asubuhi, likamwagwa kila asubuhi iliyofuata. Pale ndani hapakuwa na mtu mkatili hata mmoja. Hapakuwa pia na mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kitanda akanyoosha mkono kuona kama unafika.

Kwa hiyo ukienda kutazama, omba ukae kitandani. Nyoosha mkono. Maji yanafikika? Kengele au kitu cha kuitia mtu kinafikika? Ukiweka miguu chini, inagusa sakafu au inaning'inia? Kitanda cha juu kupita kiasi ndicho kinachoangusha wazee alfajiri wanapowahi chooni. Tembea mwenyewe mpaka choo kilipo ukihesabu hatua, utazame sakafu kama ina maji, kama kuna pa kushika, na kama taa inawaka kweli ukiibonyeza.

Nenda mara tatu. Mara ya kwanza kwa miadi, usikie maelezo yao. Mara ya pili saa ya chakula bila kusema, kwa sababu hapo huwezi kudanganywa. Mhudumu anamlisha mzee akiwa amekaa, wanatazamana, anasubiri ameze, au amesimama juu yake na kijiko huku anaongea na simu? Posho (ugali) ngumu na nyama za kutafuna wanapewa hata wasio na meno? Sahani zinaporudi jikoni zimejaa, nani anaandika kwamba fulani hakula? Kwa mama yako hilo ni la kufa na kupona: amechomwa insulini, asipokula, sukari inaanguka.

Mara ya tatu nenda usiku, saa tatu au saa nne. Wakikukatalia, waulize sababu kwa upole na uisikilize vizuri. Kulinda usingizi wa wakazi ni sababu ya kweli, na nyumba yenye nia njema itakuruhusu angalau ukae ofisini au kwenye korido kwa nusu saa. Uliza wako wahudumu wangapi usiku kwa wazee wangapi, na uliza tena: wanakesha au wanalala humo ndani? Ni vitu viwili tofauti. Uliza nani kati yao anajua kupima sukari saa nane za usiku na atafanya nini akikuta imeshuka. Jibu zuri ni la haraka na la kawaida: tunampa kitu cha sukari kama yuko macho na anameza, tunapima tena baada ya robo saa, akiwa hamezi tunakimbia hospitali kwa gari lile pale. Ukisikia "tutampigia simu sista", basi kwa mama yako nyumba hiyo haifai, hata wawe wakarimu namna gani. Friji ya insulini iko wapi, na umeme ukikatika siku nzima wanafanyaje?

Omba pia kuona daftari la kuwageuza wasioweza kujigeuza. Kawaida ni kila baada ya saa mbili, ili mwili usilaliwe upande mmoja mpaka uoze kwenye visigino, nyonga na juu ya makalio. Tazama mwandiko. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, zote kwa kalamu moja na mwandiko uliopangika sawasawa, zimeandikwa asubuhi kwa mkupuo. Daftari la kweli lina wino tofauti, lina doa la chai, lina mahali pameandikwa "amekataa".

Harufu ya mkojo asubuhi kwenye kona moja isikutishe. Wazee ni wazee. Ile iliyoshika magodoro na mapazia ndiyo ya miezi. Na nyumba inayonuka dawa ya Jik kila chumba siku uliyotoa taarifa, rudi siku ambayo hukutoa.

Uliza wanafanyaje na mzee anayetaka kutoka. Nimekuta wazee wamefungwa kwenye kiti kwa leso, ile leso yao wenyewe, na nimekuta waliopewa vidonge vya usingizi kuanzia saa kumi na mbili jioni ili zamu ipumzike. Mzee wa namna hiyo huanguka zaidi, hukojoa alipokaa, na kifua chake hujaa. Unachotafuta ni uwanja uliozungushiwa uzio ambapo mtu anaweza kutembea mpaka achoke, na mhudumu anayejua kutembea naye. Mama akisema anakwenda stesheni, asiambiwe baba alikufa. Kila akiambiwa, kwake ni msiba mpya wa siku hiyo. Aulizwe: mzee anapenda chakula gani? Leo umempikia nini? Atasimulia, atakaa, na dakika kumi baadaye stesheni itakuwa imepita. Muulize mhudumu mmoja wa kawaida, asiwe meneja, kwamba wewe mama akikwambia hivyo utamjibu nini. Jibu lake litakuonyesha wamefundishwa au wameokotwa tu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona familia zikiliuliza, nalo kwa mama yako nadhani linapita yote isipokuwa insulini. Ataongea na nani? Mke wa mfanyakazi wa reli, aliyeishi kota za Tororo enzi reli ni moja ya Afrika Mashariki, kabla haijagawanyika mwaka 1977, ni mtu aliyenunua, aliyegombana na aliyelea watoto kwa Kiswahili, pamoja na lugha ya nyumbani kwao. Ugonjwa huu mara nyingi hula kwanza lugha ambazo mtu alijifunza baadaye, na zile za mwanzo zikabaki. Nyumba nyingi za Kampala wahudumu wake wanaongea Kiganda na Kiingereza. Mama anasema "nataka haja", mhudumu anatabasamu na kumfunika blanketi. Baada ya mara tano mama anapiga kelele, anaandikwa "mgomvi", na vile vidonge vya jioni vinaanza. Nimeliona hili kwa macho yangu kwa mzee msema Kiswahili wa Bombo ambaye hakuwa mgomvi hata kidogo.

Basi ukifika, salimia kwa Kiswahili, uone nani anaitikia na anaitikiaje. Uliza kama zamu ya usiku ina mtu wa kwetu wa mashariki, wa kaskazini, au yeyote aliyekaa Busia mpakani. Chunguza na atakayelala naye chumba kimoja. Wapo wazee wenzetu wa Buganda ambao Kiswahili walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani enzi za jeshi, na sauti ya lugha hiyo gizani bado inawashtua. Hakuna mwenye kosa hapo, lakini wawili hao msiwalaze pamoja. Mkipata nyumba nzuri kwa mengine yote na Kiswahili ni haba, waandikie kwenye karatasi kubwa maneno yake ishirini, kwa matamshi yake: haja, maji, baridi, inauma, nimeshiba, niachie taa. Ibandike juu ya kitanda.

Fedha sitakaa nazo sana. Bei inayotajwa mara nyingi ni ya kitanda na chakula. Ulizeni kwa maandishi kama ndani yake kuna nepi za watu wazima, vijiti vya kupimia sukari, mtu wa kumnyoosha viungo, na usafiri wa hospitali, kwa sababu hivi vikihesabiwa pembeni hamtakuwa tena na 1,500,000 yenu. Nchi yetu haina bima ya afya ya taifa, hivyo akilazwa mnalipa mifukoni. Ulizeni bei hupandishwa lini, na mkimtoa mama katikati ya mwezi mnarudishiwa nini. Kwa kuwa mchango unategemea kazi ya kaka huko Juba, wekeni akiba ya miezi kadhaa kabla hajahama. Kumhamisha mzee wa namna hii mara mbili kwa sababu hela imekatika humrudisha nyuma sana. Serikali nayo huwapa wenye miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni kidogo, 300,000 kwa mwaka, lakini ni ya mama. Kama hajaandikishwa, mwoneni afisa maendeleo ya jamii kabla hajaondoka Tororo, na mtazame kama mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho chake cha taifa ni sahihi, maana hicho ndicho wanachosoma. Na hapo nyumba ya wazee ilipo, mtafute mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na viongozi wa baraza la wazee la eneo lile. Mabaraza haya yapo mpaka ngazi ya kijiji kwa sheria ya mwaka 2013. Waulize tu: mnaijua nyumba ile? Ukimya wao nao ni jibu.

Hati ya kiwanja isiingie kwenye mkataba wa malezi kwa namna yoyote, wala kidole gumba cha mama kisiwekwe kwenye karatasi ambayo mwanasheria wenu hajaisoma. Kama ana saa za asubuhi ambazo akili imetulia, zitumieni sasa kwa wosia, mkiwa ninyi watatu mnajua kinachoandikwa.

Na mkubaliane hili, hata kama ni gumu kulitamka. Akizidiwa, mnataka apelekwe hospitali gani, na mpaka wapi? Akifia Kampala, nani anampeleka nyumbani, zaidi ya kilomita 200, na kwa fedha ipi? Nyumba nzuri itawauliza hayo mapema bila kuona haya. Waulize pia maumivu makali wanayatibuje. Uganda ina morfini ya kunywa, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea huduma ya wagonjwa wasiopona wanaruhusiwa kuiandika. Hospice Africa Uganda, shirika la huduma hiyo lililoanza mwaka 1993, lina kituo Makindye hapa Kampala. Meneja ambaye hajui nani wa kumpigia mzee akilia kwa maumivu hajajiandaa kukaa na wazee mpaka mwisho.

Mkishachagua, msisaini mwaka. Ombeni mwezi mmoja wa kujaribu. Mama asihamishwe jioni. Afike asubuhi, ale chakula cha mchana na wewe mezani pale, na kesho yake urudi. Beba leso zake, kigoda chake, na picha ya baba akiwa na sare ya reli kama ipo. Wiki tatu za kwanza nenda saa zisizotabirika, na kila ukienda vua soksi zake utazame visigino, tazama ulimi, tazama kucha. Wekundu wa kisigino usiopotea ukiubonyeza kwa kidole waonyeshe siku hiyo hiyo, usisubiri Jumapili ijayo.

Ila anza na vipimo. Majibu yakitoka, niandikie yalivyo, pamoja na orodha ya dawa zilizokutwa kwenye ule mfuko na saa anazochomwa insulini. Kama ni sukari iliyokuwa ikimwamsha, mazungumzo haya tutayaanza upya, na pengine mama atabaki Tororo.